Kwa nini zinaishia njiani
Dada, umeuliza kwa nini filamu za vijana wanaokua huisha kabla hatujajua mhusika kafika wapi. Mimi naona ni ule woga wa kuwa mtu mzima, na mwongozaji mzuri anauacha kama ulivyo. Angalia Les Quatre Cents Coups, filamu ya mwongozaji Mfaransa François Truffaut, ya 1959. Antoine, kijana mhusika mkuu, anatoroka shule ya maadilisho wakati wenzake wanacheza mpira, anakimbia, anakimbia mpaka baharini. Maji yanamgusa miguu, anageuka kututazama, picha inaganda. Basi. Nyuma harudi, mbele hakuna njia.

Nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa nakaa jioni ufukweni Kirumba, Mwanza, natazama mitumbwi ya dagaa ikiingia ziwani na taa zake. Vijana wa rika langu walikuwa humo tayari, wanavua usiku kucha, na nyumbani kila mtu ananiuliza, "Sasa wewe unafanya nini?" Sikuwa na jibu. Uso ule wa Antoine naujua kabisa.

Truffaut aliendelea kumfuata Antoine katika filamu nyingine, akiigizwa na Jean-Pierre Léaud yule yule, hadi 1979. Anza na hiyo ya kwanza, na tafadhali usipeleke mbele zile mbio za mwisho.