Maswali ya Wasomaji: Bomba, Kinywe na Chumvi Katika Mabonde Yetu

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Ruangwa nako kuna kinywe, yaani madini ya grafaiti. Shughuli zote hizo, kubwa na ndogo, zina barabara zake, mitaro yake na vifusi vyake, na barua tunazopokea kutoka Mtwara na Lindi zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mbona nyasi na mikoko haviwi kama zamani? Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

Ndugu wahariri, salaam. Mkuza wa bomba, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, ulikatiza mbuga tunayolima mpunga. Zamani maji yalisimama mpaka mwezi wa tano. Sasa upande wa chini mpunga unanyauka kabla ya kutoa masuke, na upande wa juu maji yanazidi hadi unaoza. Kwenye mkuza wenyewe nyasi za asili hazijarudi, ni ndago na mbigili tu. Kampuni inasema mvua zimepungua. Je, ni kweli? (Mkulima, Mtwara Vijijini)

Mvua ikipungua, inapungua pande zote mbili za bomba. Mbuga inayozama upande mmoja na kukauka upande wa pili ina kizuizi juu ya ardhi, au ina mfereji uliofichwa chini yake. Mara nyingi ina vyote viwili.

Tuanze na kizuizi. Mtaro ukishafukiwa, udongo huachwa umeinuka kidogo juu ya bomba ili ukishuka kwa mvua usiache shimo. Hilo ni sahihi. Kosa linakuja pale tuta linapoachwa bila kukatika kuanzia ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine. Maji ya mbuga hayapiti kwenye kijito kimoja, yanatambaa kama shuka iliyotandazwa, na tuta la sentimita 20 tu linatosha kuyazuia. Lilipaswa kuachiwa mapengo, hasa kila mahali palipokuwa na mkondo hata ule mdogo wa msimu.

Mfereji uliofichwa ni mgumu zaidi kuuona. Mbuga inashika maji kwa sababu chini ya udongo mweusi kuna tabaka la mfinyanzi mgumu, kama kitako cha sufuria. Mtaro ukilitoboa, kisha bomba likalazwa juu ya mchanga laini ili lisikwaruzwe, mchanga huo unakuwa njia. Maji yanazama mtaroni, yanafuata bomba kimyakimya na kutokea mbali bondeni, pengine kwenye shamba la mtu mwingine. Dawa yake ni vizibo: kuta za mfinyanzi ulioshindiliwa au mifuko ya mchanga uliochanganywa na saruji, zinazoziba mtaro wote kuzunguka bomba na kuingia walau sentimita 30 ndani ya kuta na sakafu ya mtaro. Kizibo kimoja huwekwa kila ukingo wa mbuga, na vingine kwenye miteremko, karibukaribu zaidi kadiri mteremko unavyokuwa mkali.

Mnaweza kupata ushahidi bila kugusa mkuza, na tafadhali msichimbe wala kutoboa chochote ndani yake. Nje ya mkuza, hatua kama kumi kutoka mpaka wake, tobeni shimo jembamba la kina cha mita moja upande wa juu, na lingine upande wa chini. Chomekeni kila shimo kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu, na mfunike mdomo wake. Wekeni jozi nyingine mbali na mkuza, katika mbuga ileile, ili iwe kipimo cha kulinganishia. Kila wiki, siku ileile, pimeni kwa kijiti maji yako sentimita ngapi chini ya ardhi, na muandike kwenye daftari tarehe na mvua. Msimu mmoja wa daftari hilo, Desemba hadi Mei, una uzito kuliko malalamiko ya miaka mitano. Nakala moja iende kwa kamati ya mazingira ya kijiji, nyingine Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na nyingine NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira.

Sasa ndago. Chungulieni ukuta wa shimo lenu la nje: sentimita 15 hadi 25 za juu ni nyeusi, zimejaa mizizi myembamba kama nywele. Humo ndimo zilimo mbegu na vijidudu vinavyolisha nyasi. Chini yake udongo ni wa kijivu au wa manjano, mzito, hauna uhai mwingi. Kama juu ya mkuza mnaona madonge ya kijivu au vipande vyeupe vya chokaa, basi tabaka zilichanganywa wakati wa kufukia, na wa chini umekaa juu. Nyasi za mbuga hazioti hapo. Kinachoota ni kile kilicholetwa na matope kwenye minyororo ya makatapila.

Kinachotakiwa wakati wa kuchimba ni kazi ya mikono miwili: udongo mweusi ukwanguliwe kwanza na kulazwa upande wake, wa chini upande mwingine, na kurudishwa kwa mpangilio huohuo. Rundo la udongo mweusi lisizidi mita 2 kwenda juu na lisikae zaidi ya msimu mmoja, maana ndani ya rundo kubwa hewa haifiki na mbegu zinakufa. Mitambo ipite juu ya magogo au mikeka ya mbao, na kazi ifanywe kiangazi, ardhi ikiwa ngumu. Mbuga iliyolowa ikikanyagwa na mtambo mzito mara chache tu, inashindiliwa kiasi cha mizizi kushindwa kupenya kwa miaka.

Kwenu ambako kosa limeshatendeka, daini mambo matatu kwa mpangilio huu: tuta likatwe mapengo, vizibo viwekwe, na ardhi iliyoshindiliwa itifuliwe na mwenye bomba mwenyewe, kwa kina anachokijua kuwa salama. Nyasi ni jambo la mwisho. Kateni nyasi za mbuga jirani zikiwa zimekomaa na mbegu zinaanza kupukutika, zitandazeni mkuzani zikiwa na mbegu zake, unene wa sentimita 3 hadi 5, kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Hiyo ni mbegu na kivuli kwa mpigo mmoja. Msikubali kuletewa mbegu za nyasi za malisho kutoka mbali kwa sababu tu zinaota haraka. Zikishika, za asili hazipati nafasi tena.

Je, naweza kupanda mikorosho michache juu ya mkuza? Ardhi ni yangu tangu kwa babu. (Mzee wa Lindi)

Hapana, mzee wetu. Mizizi ya mkorosho huenda chini na kusambaa mbali, inaweza kuharibu gamba linalolinda chuma dhidi ya kutu, na kivuli chake kinawazuia wakaguzi kuona dalili ya uvujaji. Hata mazao ya msimu usipande kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa mwenye bomba. Moto wa kusafishia shamba usiukaribishe huko kabisa.

Karibu na kijiji chetu watu walichimba mashimo ya kutafuta kinywe wakayaacha. Maji yanayotoka humo ni maangavu kuliko ya kisima, lakini mawe ya kijito yamekuwa na rangi ya kutu, na matete pembezoni yanakauka kuanzia ncha. Maji maangavu yanaua vipi? (Mwalimu, Ruangwa)

Mwalimu, uangavu huo ndio dalili yenyewe. Miamba yenye kinywe mara nyingi ina pia madini ya salfa na chuma, yale yanayometameta kama dhahabu bandia. Yakiwa chini, mbali na hewa, hayana neno. Yakichimbuliwa yakakutana na hewa na mvua, yanageuka tindikali. Tindikali inayeyusha chuma na alumini kutoka kwenye mwamba. Alumini iliyoyeyuka hushikamanisha tope laini likazama, ndiyo maana maji yanakuwa kama kioo, na chuma kikikutana na hewa kinaganda juu ya mawe kama kutu. Mizizi ndiyo inayodhurika kwanza: alumini inaizuia kurefuka, mmea unashindwa kunywa huku umesimama ndani ya maji.

Pimeni kwa karatasi za kupimia tindikali, zile za maabara ya shule. Namba 7 ni maji ya kawaida. Ikishuka chini ya 4.5, samaki wengi na mimea mingi ya majini haivumilii. Pimeni mdomoni mwa shimo, kisha kila hatua mia kushuka kijito, na mpime pia sehemu ya juu ya kijito ambayo maji ya shimo hayafiki. Mvua ya kwanza ndiyo ya kuvizia. Miezi yote ya kiangazi chumvi za tindikali hujikusanya juu ya kifusi, na mvua hiyo huziosha zote kwa siku moja. Wakati huo mifugo na watu wasinywe hapo.

Kumwaga chokaa kijitoni kunapunguza ukali kwa muda, lakini chokaa hiyo hufunikwa na gamba la kutu na kuacha kufanya kazi. Kinachosaidia ni kuzuia hewa na maji visifike kwenye kifusi: kirudishwe shimoni, kifunikwe na mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha udongo mweusi juu yake, na maji ya mvua yachepushwe yasipite hapo.

Na mgodi rasmi ukija kufanya mkutano wa tathmini ya athari kwa mazingira, ulizeni hivi: sampuli ngapi za mwamba zimepimwa uwezo wa kutoa tindikali? Bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki baada ya kusaga mawe na kutoa madini, litakaa juu ya bonde gani, na sakafu yake imezibwa kwa nini? Mvua kubwa ikilijaza, maji yatatokea wapi? Fedha za kufunga mgodi zimewekwa wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nendeni na kamba ya kupimia.

Nimesoma kwamba nyika za Marekani kaskazini ziliharibiwa na visima vya mafuta. Je, sisi wenye gesi tutapata yaleyale? (Mwanafunzi, Lindi mjini)

Kule North Dakota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mafuta yalianza kupatikana mwaka 1951, katika nchi ya nyasi yenye maelfu ya vidimbwi vilivyoachwa na barafu ya kale. Adui mkubwa wa mimea kule ni maji yanayopanda pamoja na mafuta, yenye chumvi inayozidi ya bahari mara kadhaa. Zamani yalimwagwa kwenye mashimo ya wazi, na hadi leo yapo madoa ambapo nyasi hazioti. Gesi yetu ni kavu, karibu yote ni methani, na visima vyake havitoi maji mengi ya namna hiyo. Hatari hiyo kwetu ni ndogo, si sifuri: maji ya kuchorongea visima na ya kusafishia mitambo nayo yanaweza kuwa na chumvi.

Kipimo cha haraka cha udongo uliodhuriwa na sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi: dondosha kidonge kikavu cha udongo, ukubwa wa punje ya mbaazi, ndani ya glasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Ndani ya saa mbili, kikizungukwa na ukungu kama maziwa, sodiamu imeshavunja udongo huo. Jasi, ambayo Kilwa inachimbwa, hurekebisha hali hiyo ikiwa tu maji yana mahali pa kutokea, kwani sodiamu lazima ioshwe iondoke. Kiasi cha jasi kiamuliwe na maabara. Kituo cha utafiti wa udongo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kiko Mlingano, Tanga. Kwa mpunga, mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo inapozidi desisiemensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi ambacho maabara itawapa), na kila moja inayoongezeka hupunguza takriban asilimia 12.

Kikundi chetu kimepanda mikoko mara mbili kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa, karibu na barabara ya kwenda gatini. Yote imekufa. Mbegu ni nzuri, tumeziokota wenyewe. (Katibu wa kikundi, Lindi)

Katibu, mbegu hazina kosa. Tuta la shamba la chumvi bado limesimama, kwa hiyo maji kupwa na maji kujaa hayaingii wala hayatoki. Ndani jua linakausha na chumvi inabaki, mpaka hata mkoko unashindwa. Na barabara iliyojazwa kifusi juu ya hori, yaani mkondo wa maji ya bahari unaoingia nchi kavu, bila karavati za kutosha inafanya vilevile.

Siku ya bamvua, maji ya bahari yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, ngojeni yapwe kisha tembeeni nje ya tuta mtafute mdomo wa hori la zamani. Utaonekana kama bonde dogo linaloelekea ukutani na kukatika hapo. Vunjeni tuta mahali hapo, chini hadi usawa wa sakafu ya hori. Shimo likiwa juu kuliko sakafu, maji yataingia na kunaswa. Karavati za barabara nazo zipimwe hivyohivyo: kitako chake kiwe usawa wa hori. Misitu ya mikoko ni hifadhi, kwa hiyo ombeni kibali TFS, wakala wa huduma za misitu, kabla ya kugusa jembe.

Tahadhari kuhusu tope. Tope jeusi la mikoko lenye harufu ya yai bovu lina salfa ileile tuliyomweleza mwalimu wa Ruangwa. Likirundikwa juani linageuka tindikali na kutoa mabaka ya manjano hafifu. Mkichimbua, lirudisheni majini siku hiyohiyo, na msilitumie kujengea matuta mapya.

Baada ya hapo, subirini msimu mmoja au miwili. Mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, kwa kawaida ndio utakaotangulia, maana unavumilia chumvi kuliko wenzake na mbegu zake huletwa na maji. Pakibaki wazi, pandeni kwa kufuata mahali: mlilana upande wa bahari, mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu, kando ya hori, mkandaa nyuma yake, mchu pale panapofikiwa na bamvua tu. Mbegu ndefu ya mkoko ichomekwe theluthi moja matopeni, ncha iliyochongoka chini, umbali wa mita moja hadi moja na nusu. Chagueni siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kupwa sana, ili ipate siku chache za kushika kabla ya bamvua kuja kuing'oa.