Muvi za kutisha: acha damu, sikiliza kwanza

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, sisi wapenzi wa muvi za kutisha tunapata raha gani kutoa pesa yetu ili tuogopeshwe. La pili, mtu ambaye hajawahi kuzitazama aanzie wapi. Waliotangulia kukujibu wamekutajia muvi zenye damu na matumbo nje. Sizikatai, nimezitazama karibu zote, lakini mimi sikuingia kwa mlango huo. Mimi niliingia kwa masikio.

Nimezaliwa Malindi na hapa ndipo nilipokulia. Enzi za utoto wetu kule Maweni kulikuwa na banda la video la mabati, jenereta inanguruma nyuma, deki na tivii vimefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Mchana ni ngumi za Wachina. Muvi za kutisha ziliwekwa usiku baada ya isha, na watoto marufuku. Ukichungulia tu mlangoni unatupiwa kandambili. Basi tulikuwa tunazunguka kwa nyuma, tunabandika masikio kwenye bati, ambalo mpaka saa hizo lilikuwa bado lina vuguvugu la jua. Unasikia mlango unalia kwiiii. Unasikia njuga za miguuni, cha, cha, cha, hapo unajua leo ni ya Kihindi na kuna mwanamke aliyekufa anatembea. Halafu zinanyamaza. Kule ndani watu wazima wanavuta pumzi kwa pamoja, na sisi huku nje tushatimua mbio mpaka barabarani.

Kesho yake madrasa ni ubishi mtupu. Huyu anasema zimwi lina macho matatu, yule anaapa wallahi lina kwato. Hakuna aliyeliona! Lakini kila mtu alikuwa na zimwi lake kichwani, na hakuna fundi wa vipodozi anayeweza kutengeneza zimwi linalokufaa wewe kuliko ulilojitengenezea mwenyewe. Ukubwani nilikuja kuitazama Purana Mandir, ile ya Kihindi ya 1984 iliyotengenezwa na ndugu wa ukoo wa Ramsay. Jitu lao Saamri lilinichekesha kidogo. Nikageuka nikatazama ukuta, nikasikiliza tu. Mwili ukanisisimka vilevile.

Jicho lina kope, sikio halina mlango. Wanaozitengeneza hizi muvi wanalijua hilo kuliko sisi. John Carpenter, aliyetengeneza Halloween mwaka 1978, alisimulia kwamba alimwonyesha muvi hiyo ofisa mmoja wa kampuni ya filamu kabla haijatiwa muziki, na yule mama hakutishika hata kidogo. Carpenter akaenda akatunga muziki mwenyewe, kinanda kile kinachojirudiarudia. Ukiusikiliza vizuri utagundua muziki huo unakwenda kwa mapigo matano matano. Chakacha au wimbo wa harusi utaudaka kwa bega tu, lakini huu kila ukitaka kutulia kuna pigo moja limezidi, mwili haupati pa kukaa. Muvi yenyewe iligharimu kama dola 300,000, ambazo Hollywood ni pesa ya chai, na kile kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kikapakwa rangi nyeupe. Umaskini ule umeisaidia. Hawakuwa na fedha za kuonyesha mengi, wakakufanya usubiri.

Psycho ya 1960 nayo: mwongozaji wake Hitchcock alitaka lile tukio la bafuni, mwanamke anapochomwa kisu, lisiwe na muziki wowote. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, akaandika vinanda vya nyuzi vinavyolia kama ndege wanaochinjwa, akamsikilizisha, mzee akakubali. Damu yenyewe mle bafuni ni sharubati ya chokoleti, maana muvi haina rangi na chokoleti huonekana vizuri zaidi. Mimi nikishajua hivyo jicho langu linapoa kabisa. Sikio halipoi, nimelijaribu mara nyingi.

Lakini ninayoipenda kuliko zote kwa upande huu ni The Exorcist ya 1973, ile ya binti aliyepagawa na pepo. Wote mnaijua pale shingo ya yule binti inapozunguka. Ule mlio wa mifupa fundi sauti aliupata kwa kusokota pochi kuukuu ya ngozi karibu na maikrofoni. Chukua pochi ya babako, ile iliyopasukapasuka, isokote taratibu kando ya sikio lako taa ikiwa imezimwa, uone. Na sauti ya pepo si ya mtoto: ni ya mama mmoja mwigizaji, Mercedes McCambridge, aliyemeza mayai mabichi na kuvuta sigara ili koo likwaruze.

Najua kuna mtu atanijia na Nosferatu ya 1922, kwamba haina sauti na bado inatisha. Kweli, ila ilipoonyeshwa mara ya kwanza Ujerumani ilitungiwa muziki wake na Hans Erdmann, ukapigwa na wanamuziki palepale ukumbini. Ninayokubali imenishinda ni Ringu ya Wajapani, 1998. Pale mzimu wa yule msichana unapotoka kisimani, mwigizaji alitembea kinyumenyume kisha picha ikachezwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, ndiyo maana unaona mwendo wa binadamu lakini viungo vinakataa. Hapo ni jicho limepigwa, sina ubishi.

Sasa raha. Watu hudhani tunafurahia ukatili. Mimi ninachofuata ni ile nukta kabla ya jambo, unapojua linakuja na hujui litatokea upande gani. Hiyo nyanya yangu alikuwa nayo bila umeme. Akisema paukwa, sisi pakawa, anaanza habari ya mwanamke mzuri aliyeomba lifti usiku, manukato mpaka huku, na akifika kwenye miguu ananyamaza. Anatafuna tambuu. Tunamwomba, nyanya miguu ina nini? Anatafuna tu. Ndiyo maana nikiambiwa muvi hizi ni mambo ya Wazungu nashangaa, na nikiambiwa zinaita majini nawajibu basi nyanya zetu wote walikuwa waganga.

Kama uko karibu, nenda Gede jioni kabla hawajafunga, kilomita kama 16 tu kusini mwa Malindi. Mji mzima wa mawe umehamwa tangu karne ya 17, msikiti, kasri, kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, na mizizi imekumbatia kuta. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeuchimba kuanzia 1948, aliandika kwamba alipoanza kazi pale alihisi kuna kitu au mtu anamtazama nyuma ya kuta, si adui wala si rafiki. Simama peke yako kando ya kisima. Utasikia majani makavu yanapigwa, pa, pa, kimya, pa. Ni sange, kale kanyama kenye mdomo mrefu na matako ya dhahabu, kakishtuka hupiga mkia chini. Mimi najua ni sange. Nywele hazijui.

Kwa hiyo aanzie wapi? Ningempa A Quiet Place ya 2018 kwanza. Familia inaishi na viumbe vinavyowinda kwa kusikia, basi kila kijiko kikianguka ni roho mkononi. Usitafune mabuyu wakati huo, wenzako watakuchukia. Ifuate Halloween, halafu Ringu kwa lugha yake na maandishi ya chini. The Exorcist iweke mwisho.

Usitazame zilizotafsiriwa na madijei, wale wanaosimulia juu ya muvi mwanzo mpaka mwisho. Namheshimu DJ Afro, kwa muvi za ngumi hana mfano, lakini muvi ya kutisha ikijazwa maneno kwenye kimya chake imekwisha, kilichobaki ni kichekesho. Kama unatumia simu, vaa spika za masikioni. Spika ya simu inakula zile sauti nzito za chini ambazo ndizo zinazokushika tumboni. Taa iwashe ukitaka, si muhimu kama watu wanavyodhani. Ukizidiwa, kufumba macho hakukusaidii. Zima sauti dakika moja, utashangaa lile jitu linavyogeuka mtu aliyevaa mpira usoni.

Na za kwetu zipo msizidharau, mwongozaji Mussa Banzi wa Tanzania alitupa Nsyuka na Shumileta enzi za kanda. Nakala yangu ya Nsyuka inakwaruza, nusu ya sauti imepotea. Mwenye nzuri kwenye flashi aniambie, nitamfuata hata kama yuko Mambrui.