Re: Kamba wanabeba mayai ila vitoto sivioni

Mkuu, umeuliza mbona kamba wekundu unaowafuga kwenye tangi la kioo wanabeba mayai ila vitoto huvioni. Vitoto vinazaliwa, ila vinaishia tumboni mwa samaki. Umesema humo tangini kuna samaki wa mapambo pia, gapi wale wadogo na enjeli wawili. Enjeli akikomaa haishii kwa vitoto, hata kamba mkubwa anamdonoa. Hao watoe, hakuna mjadala. Gapi nao watadokoa, lakini pakiwa na majani mengi baadhi ya vitoto vitapona.

Jike hubeba mayai chini ya tumbo wiki tatu hadi nne hivi, kisha hutoka kamba kamili, wadogo kuliko punje ya mchele. Wanataka pa kujificha: majani laini yaliyosongamana, tena ya kweli, maana wanakula na utando unaoota juu yake. Pampu ya kuchuja maji isiyo na sponji mdomoni inawanyonya pia.

Maji yetu ya visima hapa Dodoma, haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, usiyaogope. Kamba wekundu wanayavumilia, na ile chokaa inawasaidia kujenga gamba jipya kila wanapojivua. Kama ni ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue, na badilisha robo tu kwa wiki.

Halafu soma maandishi kwenye chupa ya dawa. Mimi nilimaliza kundi zima kwa dawa ya samaki yenye shaba. Samaki walipona vizuri tu, kamba nikawaokota asubuhi kama uduvi wa sokoni.