Mjue mwakilishi wako kabla ya shida: niliyojifunza Madison chini ya seneta aliyekaa bungeni miaka 64

Nilipofika Madison, jimbo la Wisconsin huku Marekani, mwaka 2004 nikitokea Muheza, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuosha vyombo kwenye baa moja nje kidogo ya mji. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Watu wa Wisconsin Ijumaa jioni hula samaki wa kukaanga, wakila samaki hunywa bia, na miaka ile wakinywa bia walivuta sigara. Jikoni tulikuwa na kidirisha cha kupokelea sahani chafu, na moshi wote wa ukumbini ulipita hapo kama dohani. Narudi nyumbani saa nane usiku, navua sare mlangoni, naitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo, na bado asubuhi mto wa kulalia unanuka. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akaniambia, "Mama, unanuka jiko la bibi." Jiko la bibi lilikuwa la kuni.

Julai 2005 halmashauri ya mji wa Madison ilipiga marufuku sigara ndani ya baa. Sisi tulikuwa nje ya mpaka wa mji, kwa hiyo wavutaji wa mjini wakahamia kwetu. Nikakohoa kipupwe kizima.

Nasimulia haya kwa sababu ndugu zetu walioletwa huku kutoka Kongo, wengi wamepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au kambi za Uganda, huniuliza swali moja: "Dada, hapa mkubwa ni nani? Tumwone nani?" Nami niliuliza hivyohivyo. Nyumbani nilizoea kwamba mwenye shida humvizia mbunge akija jimboni, msibani au kwenye harambee, amweleze ya ada ya mtoto na ya bati za zahanati, yote kwa mara moja kwa kuwa hajui atamwona tena lini. Niliyabeba mazoea hayo mpaka Madison na yakanipotezea miaka miwili.

Seneta wa eneo letu katika bunge la jimbo alikuwa Fred Risser. (Huku jimbo ni kama nchi ndogo ndani ya nchi, lina gavana wake na bunge lake, usilichanganye na jimbo la uchaguzi la kwetu.) Alizaliwa Madison tarehe 5 Mei 1927, akatumikia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasomea sheria. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1956 kuingia baraza la chini lenye wajumbe 99, na mwaka 1962 akahamia Seneti yenye maseneta 33. Hakutoka humo hadi Januari 2021. Alifanya kazi na magavana 13. Alipoapishwa mwaka 1957 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza na TANU haijatimiza miaka mitatu. Katika historia yote ya Marekani hakuna mjumbe wa bunge la jimbo aliyekaa muda mrefu kuliko yeye. Kwao ilikuwa kazi ya ukoo: baba yake alikuwa seneta wa chama cha Progressive, babu yake mzaa mama alikuwa mbunge, na baba wa huyo babu pia. Yeye alikuwa Democrat.

Nilipoyajua hayo nilimwogopa. Nikajisemea, mtu wa aina hii ana habari gani na mwosha vyombo? Hilo ndilo kosa la kwanza ninalotaka ulikwepe. Mtu hachaguliwi miaka 64 mfululizo kwa kukimbiwa na watu. Ofisi ya mjumbe wa muda mrefu huwa na wasaidizi waliozoea kusikiliza, na ukipiga simu hao ndio unaozungumza nao. Usivunjike moyo ukiambiwa seneta yuko kikaoni. Andika jina la msaidizi aliyekupokea na tarehe, na mara ya pili umtaje yeye kwa jina. Msaidizi ndiye anayejua karatasi yako iko kwenye meza gani.

Kosa la pili nililifanya kwa mikono yangu. Niliandika barua ya kurasa saba. Ndani yake niliweka moshi wa baa, basi la saa kumi na moja alfajiri ambalo halifiki mtaani kwetu, visa ya mdogo wangu, cheti changu cha kuhudumia wagonjwa kilichokwama kwenye ofisi moja ya serikali, na kodi ya nyumba. Nikaipeleka kwa mjumbe wetu wa baraza la chini. Nilipigiwa simu na msichana mpole, akanieleza kwa subira kwamba basi ni la mji, nimwone diwani, visa ni ya serikali kuu, niende kwa mbunge wa Congress, bunge la Washington, kodi ya nyumba ni baina yangu na mwenye nyumba, kuna wanasheria wa msaada, ila cheti, hicho ni cha jimbo, "hicho tunaweza kukiulizia." Cheti kilitoka baada ya wiki tatu. Wiki tatu, baada ya mwaka mzima wa kupanga foleni!

Kwa hiyo kabla hujainua simu, jiulize jambo lako ni la ngazi gani. Leseni ya udereva, vyeti vya kazi, bima ya afya ya BadgerCare, sheria za kazi, fedha za shule na za chuo kikuu cha jimbo: hayo ni ya bunge la jimbo. Visa, uraia, kuleta familia: hayo ni ya Washington, na seneta wa jimbo hata akikupenda vipi hana mkono huko. Halafu andika ukurasa mmoja, jambo moja. Juu kabisa weka anwani yako ya nyumbani, maana kitu cha kwanza wanachotazama ni kama unaishi katika eneo lao. Wengi wetu hudhani bila uraia huruhusiwi kuandika. Kupiga kura ndiko kunakohitaji uraia. Kuandika barua, kupiga simu na kwenda kutoa maoni mbele ya kamati, nilivifanya vyote nikiwa bado sina pasipoti ya hapa.

Kamati ndiko sheria zinakopikwa, na hapo nataka nikae kidogo.

Mwaka 2009 ulipofika mswada wa kuzuia sigara jimbo zima, jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinipeleka Capitol, jengo la bunge la jimbo, siku ya kupokea maoni. Mlangoni pa chumba cha kamati pana meza yenye vikaratasi. Unajaza jina, anwani na namba ya mswada, kisha unaweka alama: unaunga mkono au unapinga, utazungumza au unajiandikisha tu bila kuzungumza. Hata usiposema neno, umehesabiwa. Nilitaka kuweka alama ya kutozungumza. Yule mwalimu akaweka kidole kwenye kisanduku cha kuzungumza. Nilikuwa nimeandaa maneno mazito kuhusu saratani na takwimu za dunia. Akaniambia, "Hayo madaktari watayasema. Wewe waambie habari ya mto wa kulalia."

Tulikaa zaidi ya saa nne. Wenye baa walisema yao, na wengine walinigusa kweli, watu waliorithi biashara kwa wazazi wao na wanaogopa kuipoteza. Jina langu lilipoitwa, nalo likatamkwa kombo, nilikuwa na dakika tatu. Niliwaambia habari ya sare, fundo la mfuko, mto, na maneno ya binti yangu. Mmoja wa wajumbe aliacha kuandika akanitazama. Sikuulizwa swali lolote.

Majuma yaliyofuata nilipanda roshani ya wageni ya Seneti, ambayo iko wazi kwa yeyote, nikamwona Risser kwa macho yangu. Wakati huo ndiye aliyekuwa Rais wa Seneti, anaongoza vikao na nyundo yake, akiwa na miaka kama 82. Jambo la moshi alikuwa amelishika kwa miongo. Sheria ya jimbo ya miaka ya 1980 ilizuia sigara katika baadhi ya majengo lakini ikaziacha baa nje, na miswada ya baadaye ilianguka mmoja baada ya mwingine. Huu wa 2009 gavana Jim Doyle aliutia saini mwezi Mei, na ukaanza kutumika tarehe 5 Julai 2010. Fikiria mtu amebeba jambo lilelile tangu mtoto wangu hajazaliwa, tangu mimi mwenyewe niko shule ya msingi, na kila bunge jipya analirudisha mezani. Mimi nilikuwa nimekata tamaa baada ya barua moja.

Ijumaa ya kwanza baada ya sheria kuanza nilirudi nyumbani na sare yangu ikiwa inanuka mafuta ya samaki tu. Niliitundika chumbani.

Usidhani basi kwamba mkongwe hushinda kila mara. Februari 2011 gavana mpya, Scott Walker, alileta mswada wa kuwapunguzia watumishi wa umma haki ya kujadiliana mishahara kupitia vyama vyao. Republican, chama cha gavana, walikuwa 19 katika Seneti, na kwa mswada wa fedha sheria inataka maseneta 20 wawepo. Democrat wote 14, Risser akiwamo na miaka yake 83, wakavuka mpaka wakaenda Illinois wasije wakalazimishwa kuingia ukumbini. Capitol ilijaa watu usiku na mchana, walimu wakilala sakafuni juu ya marumaru. Nilipeleka chapati huko mara mbili. Baada ya wiki tatu Republican waliyaondoa mambo ya fedha ndani ya mswada, akidi ya 20 ikawa haihitajiki tena, wakaupitisha tarehe 9 Machi bila wale 14. Niliumia. Lakini nilitoka hapo nimejua kwamba kanuni za bunge si mambo ya wasomi peke yao. Aliyejua akidi ni ngapi ndiye aliyesimamisha mambo wiki tatu, na aliyejua namna ya kuikwepa ndiye aliyeshinda. Tangu hapo kabla sijaenda popote nauliza: mswada uko kamati gani, mwenyekiti ni nani, kura zinazohitajika ni ngapi? Msaidizi wa ofisi atakujibu kwa dakika mbili.

Na mambo ya fedha yana msimu wake kama mpunga. Bajeti ya Wisconsin ni ya miaka miwili. Gavana huileta mapema katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, kisha kamati ya pamoja ya fedha yenye wajumbe 16 huzunguka miji kadhaa kupokea maoni majira ya kuchipua. Ukienda Agosti ya mwaka huo kuomba fedha za madarasa ya Kiingereza kwa wageni, umechelewa, subiri bajeti ijayo.

Kuna jambo moja kuhusu wajumbe wa muda mrefu ambalo nililiona nimechelewa. Machi 2020 Risser alitangaza kwamba hatagombea tena. Alikuwa na miaka 92. Nilijikuta nimekaa na simu mkononi kama mtu aliyepewa habari za msiba, kwa sababu kila nilichokijua kuhusu ofisi ile nilikijua kupitia watu wake. Barua zangu nilizituma bila kubakiza nakala. Msaidizi aliyenijua anaondoka na bosi wake. Kwa hiyo weka faili nyumbani: nakala ya kila barua, tarehe ya kila simu, namba ya kila mswada. Ukizoeana na mtu peke yake, akistaafu unaanza upya na mikono mitupu.

Januari 2021 kiti kilikwenda kwa Kelda Roys. Wiki ileile niliketi na binti yangu, ambaye sasa ndiye anayenisahihishia Kiingereza, tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi yake. Hatukuomba kitu. Tulianza na anwani yetu.