Yoga ya nje mnaniuliza mimi, niliyeshaombolezwa Coco nikiwa mzima

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, kufanya yoga nje kwenye mazingira ya asili kuna faida gani kuliko kufanyia ndani. Nimelisoma niko kwenye cherehani nikacheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Faida zipo sibishi, hewa, jua la asubuhi, mawimbi. Ila jamani hilo ni swali la mtu mwenye geti. Sie wa Magomeni swali letu ni jingine, je mwanamke mtu mzima na ushungi wake anaweza kulala chali hadharani kwenye Dar hii, akafumba macho dakika kumi, na watu wakamwacha? Jibu langu ni hapana, na ushahidi ninao.

Mimi ni fundi cherehani mwaka wa 22 huu, kiuno kimekwisha. Januari sare za shule, kabla ya Idi madera, unainama toka asubuhi mpaka usiku wa manane. Hospitali niliyoenda nikapewa vidonge vya maumivu na "pumzika mama", nikabaki najiuliza nikipumzika mimi hizo sare atashona nani. Mtoto wa dada yangu ndo akanambia mamdogo twende ufukweni Coco Jumamosi, kuna wenzetu wananyoosha viungo pale asubuhi, hulipi kitu. Ilikuwa mwezi wa sita, karibu na ile tarehe 21 ambayo Umoja wa Mataifa wameifanya siku ya yoga duniani toka 2015, ndo maana watu walikuwa na mzuka.

Nisiwafiche, nilikuwa na wasiwasi wa dini, maana zoezi la kwanza tu linaitwa salamu kwa jua. Nikasita. Tumeelekea baharini, jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, jekundu kama ndani ya papai. Nikajisemea huku ni mashariki, kibla yetu Dar ni kaskazini, kwa hiyo hapa sisali, nanyoosha mgongo tu. (Na ule mkao wanaouita wa mtoto wallahi ni sijda kasoro nia. Ndo nikaelewa kwa nini kiuno changu huwa kinaachia kidogo baada ya kila swala.)

Mchanga nao una mambo yake. Mkao wa mti, kusimama mguu mmoja, nyumbani kwenye sementi nauweza, pale nikaenda chini mara tatu kwa sababu mchanga unakimbia chini ya unyayo, misuli midogo ya kifundo cha mguu inahangaika mpaka unaisikia. Halafu kuna mteremko, ukitazama bahari visigino viko juu vidole viko chini kama umevaa skuna. Dawa ni kushuka kwenye mchanga mbichi uliotoka kuachwa na maji, ule ni mgumu. Ila sasa darasa liko saa ile ile kila Jumamosi wakati bahari haina saa moja, kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo Jumamosi hii mnakuta bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, inayofuata maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu, ufukwe ni ule ule ila sakafu si ile.

Siku hiyo ilikuwa bamvua. Kumbukeni hilo.

Mwishoni mwalimu akasema tulale chali, tusitikisike mpaka agonge kengele. Mkao wenyewe unaitwa shavasana, na shava kwa Kisanskriti ni maiti. Mkao wa maiti! Ningeambiwa mapema nisingetoka Magomeni. Mi nikaona haya kulala katikati ya vijana, nikasogea juu peke yangu chini ya mvinje, nikavua kandambili nikaziweka pembeni, na kwa kuwa jua lishaanza kunipiga usoni nikajifunika khanga. Gubigubi. Kichwa mpaka miguu.

Mnaona ninakoelekea.

Kwanza nikasikia miguu ya wakimbiaji, ikasimama. Sauti ya kiume, "oya, huyu vipi?" Mwingine akasema innalillahi. Akaja kijana, nadhani wa wale wanaokodisha tyubu za kuogelea, akasema kwa uhakika kabisa huyu kazama jana jioni, nilimwona anaingia majini. Muongo! Jana jioni nilikuwa natia zipu gauni la watu. Mmoja akaanza kuisoma khanga yangu kwa sauti, "Japo sipati tamaa sikati", wakaguna, mwanamke akasema masikini, na kakata sasa. Hapo nilikaribia kucheka. Ndo ikaja sauti ya mzee, baadae nikajua ni mvuvi alikuwa anasubiri maji yakupwe atafute pweza, akasema taratibu, "Bamvua hii, maji yalijaa saa kumi alfajiri, mwani umeishia kule chini. Huyu yuko mkavu na kandambili zake zimepangwa. Bahari haimpangii mtu kandambili."

Mtauliza kwa nini sikuinuka. Nami nimejiuliza sana. Woga wa kuwatisha ulikuwepo, aibu ilikuwepo, lakini kusema kweli ni kwamba kiuno kilikuwa kimetulia. Mchanga ulishashika umbo la mgongo wangu, pale penye mbonyeo pamejaa, penye mfupa pamezama, hakuna godoro linalofanya hivyo, na upepo wa kusi unapita juu ya khanga. Miezi kadhaa sikuwahi kulala chali bila kukunja magoti. Nikasema acha wanizike, dakika moja tu.

Mtoto wa dada ndo akaja mbio, "Mamdogo! Mamdogo!" nikakaa kitako, wakimbiaji wakakimbia kweli. Mzee hakusogea hata hatua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanambia pole mwanangu, nilikuwa nishakusomea Fatiha, ibaki akiba.

Sasa nimeandika mpaka hapa nimerudi kusoma nilivyoanza, nimewaambia hapana, watu hawakuachi. Sifuti. Lakini kuna kitu naona sikukisema. Yule mwanamke aliyenisikitikia alikuwa mama wa mihogo anakuja kuwasha jiko lake, na nilipofunua khanga nikamkuta kasimama upande wa jua, kanikinga, beseni lake bado kichwani. Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba hapo hapo, na mkoba haukuguswa. Ukumbini ningekufa kweli wangesema tazama yule alivyotulia vizuri.

Kwa hiyo mkitaka jibu, basi nje, ila nje yenye watu. Sisemi uende ufukweni peke yako gizani, sisemi masika, na mwenye presha au pingili iliyoteguka akamuulize daktari kwanza. Na kwenye nyasi angalia sisimizi, mkao wa maiti hauwahusu. Jua la asubuhi kweli linasaidia usingizi, mimi Jumamosi niliyoenda Coco, ikifika saa tatu usiku macho mazito, ingawa inawezekana ni uchovu tu wa kupanda daladala mbili. Siku za katikati ya wiki nafanyia uani, chini ya mwarobaini, wapangaji wenzangu wameshazoea, mmoja hunirukia tu akienda bombani.

Mama wa mihogo sasa ananijua, ananiita marehemu. Na khanga siku hizi nakunja naweka chini ya magoti.