Kumlinganisha chura na mdiria: kwa wanaoanza

Ukipewa zoezi hili, usikimbilie kuchora jedwali la "damu baridi, damu moto". Chagua spishi kwanza. Kuandika "chura" tu ni sawa na kuagiza "samaki" sokoni Bagamoyo: utaulizwa, samaki gani?

Kwa Bagamoyo jozi inayofaa ni chura wa mti ajengaye kiota cha povu, Chiromantis xerampelina, na mdiria mweusi na mweupe, ndege mla samaki, Ceryle rudis. Mdiria mtafute asubuhi kwenye mikoko au kando ya Mto Ruvu. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tena uliokatika katikati. Chura mfuate usiku wa masika, kwa tochi, kwenye matawi yaliyoinamia madimbwi ya maji baridi. Penye maji ya chumvi usipoteze muda. Na mkono uliopakwa dawa ya mbu usimguse, ngozi yake hunyonya.

Vipimo huwaponza wengi. Mdiria hupimwa kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, takriban sentimita 25. Chura hupimwa kutoka puani hadi kwenye tundu la haja, miguu haihesabiwi. Jike mkubwa hukaribia sentimita 9. Namba hizo ukizipanga safu moja bila kueleza zilivyopatikana, mlinganisho umeharibika.

Kwenye viota andika kwa kirefu. Jike wa chura hutoa ute na kuupigapiga kwa miguu ya nyuma hadi uumuke povu, huku madume, mara nyingi zaidi ya mmoja, wakirutubisha mayai. Povu hukauka nje, ndani likabaki na unyevu. Baada ya siku 4 hadi 6 hivi, viluwiluwi hudondoka majini. Dimbwi likiwa limeshakauka, hufa. Kwa hiyo pima pia kina cha maji chini ya tawi. Mdiria yeye huchimba shimo refu kwenye ukingo wa mchanga, na mayai yake yana gamba.

Sasa pale penye mtego: utoaji taka. Vitabu vingi vya shule husema chura hutoa urea, taka inayotoka na maji mengi kama mkojo, ndege hutoa asidi ya uriki, taka nzito nyeupe isiyohitaji maji mengi. Chura huyu naye hutoa asidi ya uriki, na hivyo hubana maji kiangazi, anapokaa tawini ngozi ikiwa imegeuka nyeupe. Safu hiyo iandike kwenye mfanano. Ya moyo iache kwenye tofauti: chura vyumba 3, mdiria 4.