Nilimaliza Hela Kwenye Rauta, Nikaangushwa na Waya

Juzi msomaji mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Kaka, nimefungiwa faiba nyumbani, ninunue rauta gani ili kompyuta za vyumbani zishike vizuri?" Swali hilo lilinigusa kidonda, maana nami nilianzia hapohapo.

Tulikuwa tumehamia kwetu Goba. Kuta ni tofali za saruji, nguzo zimejaa nondo, Wi-Fi inaishia koridoni. Mimi nahariri video za harusi, mafaili ni mazito, nikaamua kuvuta waya wa mtandao kila chumba. Hela karibu yote ikaishia kwenye rauta na swichi ya matundu manane, kile kiboksi cha kugawa mtandao kwa waya, zote za gigabiti, yaani kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde. Kwa kilichobaki nikaenda Kariakoo kutafuta boksi la waya la mita 305. Muuzaji akanipa lililoandikwa Cat6, yaani daraja la waya wa mtandao, karibu nusu ya bei ya duka la jirani. Nililibeba kwa mkono mmoja hadi kwenye daladala, nikaona raha kwamba ni jepesi. Pale ndipo nilipotakiwa kushtuka: waya mzuri ni wa shaba, na alumini haifiki hata theluthi ya uzito wa shaba.

Fundi akapitisha waya ukutani, tukapiga plasta, tukapaka rangi. Miezi ya mwanzo, safi. Kisha kompyuta yangu ya kazi ikashuka kasi hadi megabiti 100, kwa sababu gigabiti inataka jozi zote nne za nyuzi ziwe nzima. Usiku wa kuamkia siku ya kumkabidhi mteja kazi yake, ikakata kabisa, ikarudi, ikakata tena. Nikalaumu rauta, nikanunua nyingine! Mteja hakusubiri. Hajarudi mpaka leo, na bado inaniuma.

Kijana mmoja fundi ndiye aliyekata kipande cha waya ule, akakwangua uzi kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba, hukatika kwa kukunjwa kidogo tu.

Ndugu zangu, anzeni na waya. Rauta utaibadilisha kwa dakika kumi, waya uliozikwa ukutani utaubadilisha kwa nyundo, kama nilivyofanya mimi. Omba shaba tupu, na ukwangue uzi palepale dukani kabla hujatoa hela; muuzaji akinuna, ondoka. Hata Cat5e, daraja la chini ya Cat6, ikiwa ya shaba halisi inabeba gigabiti hadi mita 100, nyumba gani ina zaidi ya hapo? Pitisha kwenye paipu yake, mbali na nyaya za umeme. Swichi ya kawaida ya gigabiti inatosha, ila hesabu matundu unayohitaji, uongeze mawili. Lakini waya kwanza. Narudia, waya kwanza.

Sasa mafaili yangu yanapita kati ya vyumba bila kukwama, na vyumba vyote vinne nimevivutia waya mpya kwa mkono wangu mwenyewe.

Wewe wa Mbeya, ukishakwangua huo uzi niandikie, uniambie ndani umeona rangi gani. Rauta tutaizungumza baadaye.